Unaandikia Wakili Kontenti? Fanya Hivi Msee wa Ndabibi Aipate na Aielewe

Wasee, kuandikia ofisi za mawakili makala za mtandaoni ni haso iko na doo kiasi, na hauhitaji digrii. Mimi niliacha college mwaka wa pili na bado inanilipia rent. Lakini usiichukulie mchezo, juu ukiandika vibaya kuna mtu anaumia.

Makala yangu ya kwanza ilikuwa ya kununua shamba. Maneno elfu moja, Kizungu kizito, Kilatini imemwagwa kama chumvi. Mwenye ofisi akafurahi. Nikamtumia auntie yangu wa Ndabibi, ambaye alikuwa amenunua kipande huko. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa hapa mimi nifanye nini?"

Jibu lilikuwa limejificha aya ya tisa. Land Control Act inasema ukinunua shamba la kilimo kwenye eneo inalosimamia, lazima idhini ya Land Control Board iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila hiyo, dili inakosa nguvu kisheria, na unabaki kudai pesa yako kama deni. Auntie alikuwa amebakisha wiki tatu. Noma.

Tangu siku hiyo naandika hivi.

1. Jibu likae juu
Msee akitafuta kitu Google, ako na shida na bando ni kidogo. Mpe jibu kwa sentensi mbili za kwanza, halafu ndio ueleze. Kama ni kufutwa kazi kwa shamba la maua Naivasha, anza hivi: "Uko na miaka 3 ya kwenda kortini kudai chini ya Employment Act. Usingoje." Hadithi ya sheria ilitoka wapi inaweza kungoja chini.

2. Tumia maneno watu wanaandika
Hakuna mtu wa Maiella anatafuta "uhamishaji wa umiliki wa ardhi". Anaandika "taito inachukua muda gani" ama "ndugu yangu ameuza shamba ya mzee". Uliza karani wa hiyo ofisi maswali ambayo watu huuliza wakipiga simu. Hayo ndiyo vichwa vyako. Neno la kisheria likilazimika, lieleze hapo hapo.

3. Kichwa kifupi, mada moja
Kichwa kikipita herufi 60 hivi, Google mara nyingi hukikata. Weka neno la muhimu mwanzo, kisha mahali. Na usirudie "wakili bora Nakuru" mara ishirini. Hiyo ni spam, Google inaijua kitambo, na msomaji pia.

4. Fikiria simu
Google hupima tovuti ikiangalia vile inatokea kwa simu. Kwa hivyo aya za mistari mitatu, vichwa vidogo, picha nyepesi. Kabla utume, isome kwa sauti. Ukiishiwa na pumzi, hiyo sentensi ikate mara mbili.

5. Sema uko wapi
Mtu wa Ndabibi anataka wakili wa kufikika, Naivasha ama Nakuru mjini. Andika mtaa, jengo, simu na saa za kazi, vifanane kila mahali mtandaoni. Fungua pia Google Business Profile, ni ya bure, na ndiyo hutokea kwa ramani.

6. Jua mipaka
Zamani wakili Kenya hakuruhusiwa kujitangaza kabisa. Mwaka wa 2012 High Court, kwa kesi ya Okenyo Omwansa George, ikasema kupiga marufuku kila tangazo ni kinyume na Katiba, juu mteja ako na haki ya kupata habari. Mwaka wa 2014 zikaja sheria mpya za matangazo ya mawakili. Lakini kuvutavuta wateja bado ni kosa, na kudanganya hakukubaliwi. Kwa hivyo usiandike "tunashinda kila kesi". Usitaje mambo ya mteja.

7. Wakili aisome kwanza
Wewe ni mwandishi, si wakili. Kila makala aipitie wakili mwenyewe, iwekwe jina lake na tarehe ya kukaguliwa. Sheria zikibadilika, rekebisha. Google huwa makini sana na kurasa zinazogusa pesa na maisha ya watu, na habari mbovu ya deadline inaweza kukulia mtu shamba.

Auntie je? Nilimwandikia upya kwa mistari mitano, akaenda kwa wakili, ombi likaingia kabla ya muda kuisha. Hiyo mistari mitano ndiyo sasa iko juu ya ile makala.

Kabla utume kazi yako, mpe mtu mmoja wa mtaani aisome. Akiuliza "sasa nifanye nini?", rudi uandike tena.