Celeron 300A: prosesa ya dola 149 iliyowafukuzia wakubwa

Leo tuache kidogo mambo ya kodi tufungue kasha la kompyuta. Kuna rafiki aliyeniuliza kwa nini watu hukesha wakiilazimisha prosesa na memori kukimbia kuliko kasi iliyoandikwa na kiwanda, mchezo ambao mafundi huuita kuovakloki. Jibu fupi: wanatafuta alama za juu kwenye programu za kupima kasi. Jibu refu linaanzia mwaka 1998 (wakati huo mimi sijui hata kutembea, kwa hivyo msinidhanie mzee), na linanigusa kwa sababu ya swali moja linalomhusu kila mtunga programu. Mashine ikikimbia sana lakini hesabu zake zikawa na makosa, utajuaje?

Tuanze na hesabu yenyewe. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na kasi ya mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: kasi ya basi (si la abiria, ni ile njia inayounganisha prosesa na memori) na namba nyingine iitwayo kizidishi. Ukitaka prosesa iende kasi zaidi, unapandisha mojawapo.

Aprili 1998 Intel ilitoa Celeron ya kwanza, ya megahezi 266. Kimsingi ilikuwa Pentium II iliyonyang'anywa kache ya ngazi ya pili ili bei ishuke, na ilidorora vilivyo. Tarehe 24 Agosti mwaka huohuo wakarudi na Celeron 300A. Safari hii waliipa kache ya kilobaiti 128, iliyochongwa kwenye silikoni ileile ya prosesa na kwenda kwa kasi yake kamili. Pentium II ilikuwa na kache ya kilobaiti 512, mara nne zaidi, ila ilikaa kwenye chipu za pembeni zilizokwenda kwa nusu ya kasi ya prosesa. Siku hiyohiyo Intel ilizindua Pentium II ya megahezi 450. Bei kwa wanunuzi wa jumla: Celeron dola 149, Pentium II dola 669. Shika hizo namba.

Kizidishi cha Celeron kilifungwa kiwandani kwenye 4.5. Sababu mojawapo ya kukifunga ilikuwa walaghai waliofuta maandishi ya chipu za bei ya chini, wakaandika kasi kubwa na kuziuza kwa bei ya juu. Basi lenyewe lilikwenda megahezi 66, na 66 mara 4.5 ni kama 300. Lakini basi halikufungwa. Mazabodi zenye chipuseti ya 440BX zilitengenezwa kwa ajili ya Pentium II mpya, ambazo basi lake lilikwenda megahezi 100. Zidisha 100 kwa 4.5 uone unapata nini.

Naam, 450.

Mazabodi iliyopendwa kwa kazi hiyo ilikuwa BH6 ya kampuni ya Abit kutoka Taiwan, kwa kuwa ilikuruhusu kuchagua kasi ya basi ndani ya BIOS bila kuhangaika na vijipini. Wenye mazabodi zisizo na menyu hiyo hawakukata tamaa. Kwenye ukingo wa katriji ya prosesa kuna mguso uitwao B21, ndio unaoiambia mazabodi kama basi ni la 66 au la 100. Watu waliufunika kwa selotepu au rangi ya kucha, na mazabodi ikaamini imechomekewa prosesa ya basi la 100. Dola 520 zikaokolewa na kichupa cha rangi ya kucha!

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mtu mwoga angesema, mbona nisipande kidogo tu, nikaishia basi la 83? Huyo ndiye aliyejitafutia balaa. Saa ya PCI, ambayo huendesha kadi na kidhibiti cha diski, hupatikana kwa kugawanya kasi ya basi. Kwenye 66 unagawa kwa mbili, unapata 33, kasi sahihi. Kwenye 100 unagawa kwa tatu, unapata 33 tena. Kwenye 83 kawaida uligawa kwa mbili, ukapata 41.5, na diski ikalazimishwa kufanya kazi kwa kasi isiyoijua, faili zikaharibika. Kwa hiyo kuruka hadi 100 kulikuwa salama kuliko kuishia katikati, ilmradi memori yako iwe ya aina ya PC100, maana kwenye chipuseti hiyo memori hufuata basi. Memori ya zamani ya 66 ilikwama njiani.

Kwa nini Intel iuze kwa 300 chipu inayoweza 450? Kiwanda hupima chipu na kuzipanga kwa uwezo. Lakini teknolojia ya mikroni 0.25 ilikuwa imekomaa, chipu nzuri zilikuwa nyingi, na soko lilitaka za bei nafuu. Chipu nzuri ikabandikwa lebo ndogo kwa sababu lebo hiyo ndiyo iliyohitajika kuuzwa. Si zote zilizofika 450. Nyingine zilihitaji kuongezewa volti juu ya zile 2.0 za kawaida na feni kubwa zaidi, nyingine ziligoma kabisa.

Na vipimo? Watu walihesabu fremu za Quake II kwa sekunde. Baadaye wengi walihamia SuperPi, programu iliyotokana na kazi ya Profesa Yasumasa Kanada wa Chuo Kikuu cha Tokyo, inayokokotoa pai hadi mamilioni ya tarakimu. SuperPi naiheshimu zaidi, maana hesabu ikipotoka husimama na kukuambia. Mchezo hauna habari hiyo. Pikseli moja ikikosea rangi, nani ataona?

Intel wenyewe walilionja jambo hili. Machi 2000 AMD iliwatangulia kwa siku mbili kufikia gigahezi moja. Tarehe 31 Julai 2000 Intel ikajibu kwa Pentium III ya gigahezi 1.13. Dkt. Thomas Pabst wa tovuti ya Tom's Hardware aliipima akakuta haitulii, na jaribio lililoiumbua zaidi lilikuwa kukompaili keneli ya Linux. Wapimaji wengine wakathibitisha, na tarehe 28 Agosti Intel ikaziita chipu hizo zirudi. Kompaila ni shahidi mkali: imejaa anwani za memori, na biti moja ikigeuka anwani inaelekea pasipo na kitu, GCC inakufa kwa ishara 11. Kwangu kukompaili keneli usiku kucha ni kipimo bora kuliko grafu zote za rangirangi.

Mwaka 2005 Raymond Chen wa Microsoft alieleza ripoti za programu zilizoanguka kwenye amri ya xor eax, eax. Amri hiyo inaweka sifuri kwenye rejista, haigusi memori, haina namna ya kukosea. Walipowauliza wenye mashine, wengi walikiri wameovakloki. Baadhi hawakujua: waliuziwa kompyuta iliyokwisha kupandishwa kasi dukani kimyakimya. Kwetu tunaonunua mashine zilizotumika, hilo ni la kusikia kwa masikio mawili. Ingia BIOS, linganisha kasi unayoiona na ile ya lebo, ndipo utoe pesa.

Siku hizi kiwanda chenyewe kimechukua nafasi hiyo iliyobaki. Tangu Novemba 2008 prosesa za Core i7 zimekuwa na Turbo Boost, zinajipandisha kasi kila joto na umeme vikiruhusu, kwa hiyo ziada ya asilimia 50 kama ya 300A huioni tena. Ukingo nao umekuwa mwembamba. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikijiombea volti kupita kiasi na kuchakaa mapema. Dalili zilijitokeza kwenye michezo iliyoanguka wakati wa kufungua data iliyobanwa, kazi ambayo, kama kukompaili, haisamehi biti moja. Rekebisho la mikrokodi, 0x129, lilitoka Agosti 2024, na dhamana ikaongezwa miaka miwili, kwa kuwa rekebisho hilo huzuia tu. Chipu iliyokwisha kudhurika haliwezi kuiponya. Kama unayo mojawapo, angalia toleo la BIOS yako leo kabla hujaendesha kipimo kingine chochote.