Kutu ya Japani, matope ya Gusii

Ukisoma historia ya Gusii kwenye vitabu, utakutana na mkuki wa Otenyo uliomjeruhi Northcote mwaka 1908, utakutana na Waingereza na Wajerumani wakipigana hapo Kisii Septemba 1914, halafu zitafuata pareto, kahawa na chai. Barabara hutajwa kwa kupita tu. Magari yaliyotembea juu yake ni nadra kutajwa, na mafundi walioyazuia yasianguke vipande vipande hawana hata ukurasa. Mimi niliacha chuo kabla ya mwaka wa tatu, kwa hivyo hakuna profesa wa kuniambia mada yangu ni ndogo. Mada yangu ni bolti moja.

Bolti hii iko chini ya sakafu ya matatu za zamani, zile Nissan Caravan na Toyota HiAce zilizobeba watu wa Kisii na Nyamira kwa miaka mingi. Mbele, gari hizo hazina springi za kuzunguka kama konokono. Zina fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zimelala kufuata urefu wa gari. Mafundi huziita tosheni baa. Mwisho wa mbele wa fimbo umeshikana na mkono unaobeba gurudumu. Mwisho wa nyuma una meno yanayoingia kwenye kipande kifupi cha chuma, na hicho kipande kinashikiliwa na bolti ndefu. Gurudumu likipanda jiwe, fimbo inajisokota kama nguo inayokamuliwa, halafu inarudi. Ukikaza bolti, pua ya gari inainuka. Ukiilegeza, inashuka. Yaani kiwanda kilikuachia nafasi ya kuamua gari lisimame kimo gani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ofisi ya Ferdinand Porsche kule Stuttgart ililiwekea hataza mwaka 1931, na baadaye likaingia kwenye Volkswagen ile tunayoita Beetle. Hapo nyuma ya Beetle pana ujanja ninaoupenda sana: fimbo ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Ukirudisha jino moja huku na kuongeza jino moja kule, mkono wa gurudumu unasogea chini ya digrii moja. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Elizabeth, wengi walidhani barabara za Afrika Mashariki zingekula magari madogo. Beetle ikashinda 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962. Fimbo iliyojisokota ilikuwa imejibu swali la matope.

Lakini gari la Safari lilikuwa na kikosi cha mafundi nyuma yake. Matatu haikuwa nacho. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za usafiri wa umma, na biashara ikalipuka. Miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Wakati Michuki alipoleta sheria zake, zilizoanza kufuatwa Februari 2004 na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, gari la watu 14 lilikuwa tayari ndilo mfalme wa njia ya Kisii, Keroka hadi Sotik, na ile ya Nyamira kupitia Kebirigo.

Sasa sikiza jinsi bolti yetu ilivyokwama. Sheria yetu inataka gari linaloingizwa lisizidi miaka minane. Miaka minane inaonekana michache hadi ukumbuke kwamba sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa kwenye nyuzi za bolti. Halafu gari linasafiri baharini, linasimama bandarini kwenye upepo wa chumvi nyingine, na mwisho linapanda huku kwetu ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka na udongo mwekundu unashika kama gundi. Tope linaziba bolti, linabeba maji, maji yanalea kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokula, kwa hivyo inajaza pengo lote kati ya nati na bolti. Na kwa vile hakuna mtu aliyeigusa tangu kiwandani, kile kitu kilichotengenezwa ili kirekebishwe kinakuwa jiwe.

Nimekaa siku nyingi kwenye karakana za kando ya barabara, Keroka hasa, nikitazama hiyo kazi. Mzee mmoja, ambaye kila mtu pale humwita tata, hunitania kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake wa pekee asiyeshika spana. Yeye haanzi na nguvu. Anaanza na maji na brashi ya waya mpaka nyuzi zionekane. Kisha anapima kwa rula urefu wa nyuzi zilizobaki nje, kushoto na kulia, na kuandika kwa chaki. Vijana wengi huruka hatua hiyo, halafu hawajui tena gari lilikuwa limesimama vipi.

Baada ya hapo anainua gari kwa chesi, anaweka stendi, si mawe, na kuacha magurudumu yaning'inie ili mzigo upungue kwenye fimbo. Anapaka mafuta ya kupenya. Kama hakuna hela ya mkebe, anachanganya dizeli na oili nyepesi. Anagonga nati pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, ili mafuta yaingie. Halafu anaacha.

“Momura, chuma ikikukataa leo, iwachie mafuta uende ulale,” aliniambia. “Ukishindana nayo usiku, asubuhi utanunua ingine.”

Kesho yake anaikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta, tena. Kutu inasagika badala ya kung'oa nyuzi. Moto wa gesi ni hatua ya mwisho, na unapelekwa kwenye nati peke yake, baada ya mafuta yote kufutwa. Hapo ndipo nimewahi kumsikia akimfokea mtu. Fimbo imepikwa kiwandani ili iwe na uhai wa springi. Ukiichoma moto, unaua huo uhai, na haitakwambia imekufa lini. Hata mkwaruzo wa patasi ni mwanzo wa ufa. Na fimbo ya kushoto haihamishwi kulia, kwa sababu kila moja imezoeshwa kusokoteka upande wake.

Akishafungua, anasafisha nyuzi, anajaza grisi na kufunika bolti na kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila gari linaporudi kubadilishwa oili, anaizungusha kidogo mbele na nyuma, kisha anairudisha kwenye kipimo chake. Matunzo yenyewe ndiyo hayo, dakika kumi hivi.

Mbona haya ni historia na si somo la ufundi? Kwa sababu ya kile watu walichotaka bolti hiyo iwafanyie. Makanga akipakia watu 20 kwenye gari la 14, pua inazama. Mwenye gari anamwambia fundi akaze, springi iwe ngumu. Lakini ugumu wa fimbo unatokana na unene na urefu wake, na bolti haiongezi hata kimoja. Kukaza kunainua gari tu. Ukikaza mpaka mwisho, gurudumu linabaki halina nafasi ya kushuka likikutana na shimo, shoki inavutika mpaka ukomo, na boli jointi inakaa kwa pembe mbaya. Upande mmoja ukiwa umekwama na mwingine umeinuliwa, gari linaegemea na uzito haugawanyiki sawa. Kwenye miteremko yetu, breki zikishikwa ghafla, abiria ndio wanaolipa. Sheria ilihesabu viti na mikanda. Chini ya sakafu, mpaka wa mwisho kati ya tamaa na chuma ulikuwa fundi aliyekubali au kukataa kukaza.

Sijasema mafundi wote walikataa. Mwenye gari ndiye anayelipa, na fundi ana watoto shuleni. Shirika la kazi duniani, ILO, liliandika ripoti yake maarufu kuhusu Kenya mwaka 1972 na dunia ikajifunza neno “sekta isiyo rasmi”. Moi alitembelea wafua vyuma wa Kamukunji mwaka 1985, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa bunge kuhusu jua kali. Yote hayo yalizungumzia ajira, mikopo na vibanda. Wale wazee walikuwa pia wanafanya uamuzi wa usalama kila siku, bila cheti, bila mtu wa kuwaunga mkono wakisema hapana.

Siku hizi njia nyingi za kwetu zimechukuliwa na Probox. Toyota waliitoa 2002, na yenyewe inatumia springi za kuzunguka mbele na nyuma. Haina bolti ya kuinua. Mwenye kutaka kuipandisha anaweka spesa juu ya springi, kazi ya saa chache, na wale vijana wanaoifanya hawajawahi kuona tosheni baa ikifunguliwa. Tata bado anapata HiAce moja moja na pikapu za wakulima. Ukutani kwake kuna vipimo vya chaki vya miaka, milimita za kushoto na kulia, vingine vimeshaanza kufutika. Nimeanza kuvinakili kwenye daftari, na nimeacha namba za usajili nje.