Kibuyu: Chombo cha Wazee, Nguvu ya Mbegu

Tukisema kibuyu, watu mingi wanafikiri chombo tu: cha maji, cha munkoyo, cha maziwa. Kwa Waluba kilipanda juu zaidi. Mboko, kibuyu kitakatifu chenye mpemba ndani yake, kilikuwa mikononi mwa waaguzi na kwenye makao ya wafalme. Fundi anayeitwa Bwana wa Buli alichonga mwanamke mwenye kushika mboko. Kazi hiyo iko Tervuren, Ubeleji.

Lakini kabla ya kuwa chombo, kibuyu ni mmea. Asili yake ni Afrika. Mwaka 2004 wataalamu waliandika juu ya kibuyu cha porini cha Zimbabwe. Boga, ndugu yake, lilitoka Amerika: Meksiko walililima miaka karibu 10.000 iliyopita, na kwetu lilifika baada ya 1492.

Jamaa hii yote iko na adui mmoja mdogo sana: utitiri. Unakaa chini ya jani, unasuka nyuzi kama buibui, unanyonya maji ya jani mpaka linageuka manjano na kukauka. Wakati wa kiangazi unazaana mbio.

Juu ya nini mmea mmoja unakufa na jirani yake unasimama? Jibu moja ni uchungu. Mwaka 1971 watafiti wawili, Da Costa na Jones, walionyesha katika matango kwamba mmea wenye uchungu unazuia utitiri, na ule usio na uchungu unashambuliwa. Lakini uchungu uleule unavuta mbawakawa wa matango wa kule Amerika. Basi hakuna mbegu moja inayokinga yote.

Kibuyu nacho kimeingia katika elimu hiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Israel waliandika juu ya uwezo wa shina la kibuyu kukinga na utitiri mimea ya jamaa yake inayounganishwa juu yake.

Siku hizi bido za plastiki zimeshika nafasi ya vibuyu. Chombo kikiachwa, hakuna anayepanda; asipopanda mtu, mbegu inapotea pamoja na nguvu yake. Tunda chungu tusile, ni sumu. Lakini mbegu za aina mbalimbali tuombe kwa mama na bibi zetu vijijini, tuzipande, tuandike majina yake. Kuchunga mboko bila kuchunga mbegu ni kuchunga nusu ya urithi.