Kahawa ya "moja kwa moja kwa mkulima" ilianza lini?

Juzi nilikaa kwenye mgahawa mmoja hapa Dar (bei ya kikombe usiniulize). Ukutani wamebandika picha ya mzee anachuma buni, na maneno: kahawa yetu tunainunua moja kwa moja kwa mkulima mdogo. Rafiki yangu akasema, "Wazungu bwana, wana mambo mapya kila siku." Jamani, jambo lenyewe lina kama miaka mia!

Twende Moshi, 1925. Wamisionari wa Kikatoliki walileta mikahawa mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ofisa wa Kiingereza, Charles Dundas, akawahimiza Wachagga waipande vihambani, katikati ya migomba. Walowezi wakaja juu. Eti mashamba ya Waafrika yangeleta magonjwa ya mimea na wizi wa kahawa. Zaidi ya hapo, Mchagga mwenye kahawa yake angekwenda kuwa kibarua wa nani? Kenya walowezi walifanikiwa: mpaka miaka ya 1930 Mwafrika alizuiwa kulima kahawa.

Wachagga wakajibu kwa kuunda Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Chama kiliwatafutia wanachama dawa za mikahawa, na kikauza kahawa yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kwenda kupunjwa peke yake.

Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya 1932. Hapo ndipo pananivutia zaidi. Wakulima wakalazimishwa kuuza kupitia ushirika huo tu, katika miaka ambayo bei ya dunia ilikuwa imeporomoka. Mwaka 1937 watu wakashambulia majengo ya vyama vyao wenyewe. Walichoka ushirika? Mimi sisomi hivyo. Ni watu walewale waliokuwa wamepigania chama chao miaka kumi na kitu nyuma. Walichokataa ni kuamuliwa mnunuzi.

Serikali ya uhuru nayo ikavunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980. Halafu 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika na bei ikaanguka. Ndiyo sababu Cafédirect ilianzishwa Uingereza mwaka 1991, kununua kwa vyama vya wakulima wadogo, na KNCU ikawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka 2001 ratili moja ya kahawa ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwenye soko la dunia. Wakati huohuo vikundi vya Kilimanjaro vilikuwa vinajifunza kumenya na kuosha kahawa pamoja ili ubora uwe mmoja, na baadaye wenye kahawa bora wakaruhusiwa kumuuzia mnunuzi wa nje bila kupita mnada wa Moshi.

Mwaka 2018 serikali ikaagiza tena: kahawa ipitie vyama vya ushirika. Nikakumbuka 1937.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mhudumu yule mzee wa kwenye picha ni wa kijiji gani, na kilo moja alilipwa shilingi ngapi. Akaenda kumuuliza meneja. Tumelipa, tumetoka, hajarudi.