Tunguu Lingojalo Mvua

Msomaji, ukipita katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, mwezi wa Februari, wakati wa ukame wa kaskazi, tazama chini ya miti. Hutaona ila mchanga na majani makavu. Rudi baada ya masika kuanza, na pale pale palipokuwa patupu huenda ukakuta ua jekundu, la mviringo kama mpira, limesimama juu ya bua moja. Hakuna aliyelipanda. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Muda wote ule lilikuwa hai chini ya ardhi, katika tunguu lake, likingoja.

Tunguu ni ghala, kama kitunguu cha jikoni. Wakati wa mvua majani hutengeneza chakula na kukiweka akiba humo. Wakati wa kiangazi majani hufa, na tunguu huishi kwa akiba yake. Lakini ghala lisipojazwa huwa tupu, na likilowa maji mwaka mzima mara nyingi huoza. Kwa sababu hiyo, mahali liotapo tunguu la porini pana habari za mvua na joto la nchi ile, kwa yule ajuaye kuzisoma.

Watu walijifunza kuzisoma habari hizo polepole. Mnamo 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda mlima Chimborazo, Amerika ya Kusini, akaona ya kuwa mimea hubadilika kadiri baridi izidivyo. Mwaka 1807 alitoa kitabu juu ya jiografia ya mimea. Baadaye Wladimir Köppen alitumia mimea yenyewe kuchora mipaka ya tabia za nchi duniani.

Na huku kwetu? Daktari John Kirk, aliyekaa Unguja tangu 1866, alipeleka mimea katika bustani ya Kew, Uingereza. Tunguu moja la Afrika ya Mashariki, lenye maua meupe yaliyopigwa mistari myekundu, limepewa jina lake: Crinum kirkii. Padre W. E. Taylor, ambaye wapenzi wa ushairi humkumbuka kwa kukusanya tungo za Muyaka, alikusanya pia mimea katika nchi ya Wagiriama katika miaka ya 1880. Mimea ya namna hiyo hukaushwa, ikabandikwa juu ya karatasi, na kando yake huandikwa jina, mahali na tarehe. Mwaka 1950 hazina ya karatasi kama hizo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, hadi Nairobi. Kwa msaada wa hazina hizo kilitungwa kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, ambacho sehemu zake zilianza kutoka 1952 na kwisha 2012.

Sasa utaona faida ya karatasi zile. Mvuvi ajuaye ya kuwa samaki fulani hukaa penye miamba, hana haja ya kutega bahari yote, huitafuta miamba. Wataalamu wa Australia walifanya vivyo hivyo kwa kompyuta mwaka 1984. Walichukua kila mahali mmea ulipookotwa, wakasoma mvua na joto la mahali pale, wakapata kiasi cha chini na cha juu unachostahimili. Kisha kompyuta ikatafuta kila mahali pengine penye kiasi hicho, ikapatia rangi katika ramani.

Lakini ramani hiyo isikudanganye. Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Upande wa mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hupata kama 600 tu. Tena kuna mchanga mweupe na mchanga mwekundu, na kila mmoja una miti yake. Isitoshe, ramani yaweza kupaka rangi nchi ambayo leo ni mashamba ya mkonge na mahindi. Mvua hukaribisha, jembe hufukuza. Ndiyo sababu makaya ya Wamijikenda, yaliyolindwa na wazee kwa miiko, yamehifadhi mimea iliyokwisha kutoweka kandokando yake. Na huko Gede, mji ulipohamwa katika karne ya 17, msitu ulirudi ukafunika misikiti na nyumba, hata James Kirkman, alipoanza kuchimba mwaka 1948, alikuta magofu katikati ya miti.

Leo joto la dunia linazidi, na mvua haziji kama zamani. Tutajuaje ni tunguu lipi limehama, na lipi limekwisha, kama hatujui lilikuwa wapi jana? Basi wewe, msomaji, ukiliona ua hilo, usiling'oe, kwani tunguu lake lina sumu, tena likitoka halirudi. Andika katika daftari: mahali gani, siku gani, mvua imenyesha siku ngapi. Taylor hakujua ya kuwa karatasi yake ingesomwa baada ya miaka mia na zaidi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.