KELELE ZA MTAANI, SEHEMU YA 3: Mama aliyehesabu honi usiku kucha

Leo tuingie kwenye historia kidogo, maana kuna watu walipima kelele za nyumbani kwao kabla hata kipimo cha desibeli hakijakuwepo.

Mwaka 1905, New York, Marekani. Julia Barnett Rice, mama wa watoto sita, anaishi karibu na mto Hudson. Usiku kucha boti za kuvuta meli zinapiga honi. Nyingine wala si za tahadhari, ni manahodha wanasalimiana tu! Julia alisomea udaktari, kwa hiyo alijua kukosa usingizi kunamfanya nini mgonjwa na mtoto.

Sasa si unajua ukilalamika mtupu unavyojibiwa: "Mama, wewe ndo una usingizi mwepesi." Yeye akawalipa wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Columbia wakae wasikilize na kuhesabu. Usiku mmoja tu wakaandika honi karibu 3,000. Akakusanya na ushahidi wa hospitali zilizo jirani na mto, kwamba wagonjwa hawalali. Mwaka 1906 akaanzisha chama cha kupinga kelele zisizo za lazima. Mwaka 1907 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kudhibiti honi hizo, na New York ikatenga maeneo ya utulivu kuzunguka hospitali.

Utasema, huyo alikuwa na pesa. Haya, twende miaka ya 1970, jiji hilohilo. Mama mmoja aliyekuwa anasoma chuo alimwambia mwalimu wake wa saikolojia, Arline Bronzaft, kwamba shuleni kwa mwanae treni inapita jirani na watoto hawasikii kitu. Bronzaft akaenda. Akalinganisha alama za kusoma za watoto wa jengo moja: madarasa ya upande wa reli na ya upande wa pili. Matokeo yakatoka mwaka 1975. Treni ikipita, darasani ni desibeli 89. Kufika darasa la sita, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima. Jamani, mwaka mzima!

Wakuu wakaweka mipira kwenye reli na dari za kupunguza sauti. Bronzaft akapima tena, na mwaka 1981 akatoa majibu: ile tofauti imeisha.

Wewe una simu mkononi. Pakua programu ya bure ya kupima sauti. Haitakuwa sahihi kama mashine ya wataalamu, ila ukitumia simu ileile, mahali palepale, itakuonyesha usiku upi umezidi. Iweke karibu na anapolala mtoto, madirisha yakiwa kama kawaida yenu. Kwa siku 7 andika kwenye daftari: tarehe, saa, namba, kelele inatoka wapi, na mtoto ameamka mara ngapi. Usiku ulio kimya nao uandike, maana ndio utakaolinganisha nao. Kwa kelele ya mfululizo chumbani, Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilishauri isizidi desibeli 30.

Daftari likijaa, mshirikishe jirani naye apime kwake. Kisha nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa, na daftari zenu mkononi.

Sehemu ya 4 tutaongelea masikio ya mtoto mchanga.