Vinyago vya Kikamba

Vinyago vya Kikamba ni sanamu ndogo za mbao zinazochongwa na Wakamba wa Kenya na kuuzwa hasa kwa watalii kama ukumbusho wa safari. Sanaa hii si ya kale kama wanunuzi wengi wanavyodhani. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji huchonga umbo kwa tezo, hulilainisha kwa kisu na msasa, kisha hulipaka nta au rangi ya viatu mpaka ling'ae. Twiga, simba na kiboko ndio wanaochongwa sana. Mbao za asili ni mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wachongaji, hasa wa Mombasa, waligeukia mwarobaini, ambao hukua upesi.